Ndege ya Rosina

Wivu wangu sikufundishwa na mtu. Nimezaliwa nao. Mama anasema hata nilipokuwa mchanga nilikuwa nalia akibeba mtoto wa jirani. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadai kwamba Hedwiga alibadilika baada ya kuchumbiwa. Sikubadilika. Nilikuwa hivi hivi siku Sixbert aliposimama kibarazani kwangu pale Mbinga mjini, mbele ya cherehani, na suruali yake iliyochanika mkononi.

"Dada, nishonee hii, lakini usinicheke."

Nilicheka. Naye akanitazama kwa yale macho yake ya usingizi, ambayo yakikutulia unasahau ulikuwa unasema nini. Kahawa za msimu uliofuata hazijaanza kuiva, mimi tayari nilikuwa mchumba wake.

Sixbert ni Mnyasa wa Mbamba Bay. Miaka ile kila mtu mjini alikuwa anafungua kitu. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia, huyu kafungua studio ya picha, yule kafungua chumba cha video. Sixbert akapanga chumba kilichopakana na kibaraza changu, akafungua gemu. Ukutani aliweka televisheni kubwa na mashine yake ya gemu yenye pedi mbili, na kwenye kona ya ndani akaweka kompyuta mbili za mtumba alizozitoa Dar, amezifunga pamoja kwa waya. Nyuma ya nyumba jenereta inanguruma kutwa nzima.

Vijana wa stendi walikuwa wanapigana vikumbo kwenye televisheni, kwenye gemu ya ndege za vita. Hata mimi niliipenda. Mkono uliozoea cherehani hauogopi pedi. Unabonyeza, ndege inapaa. Unabonyeza tena, makombora yanatoka, na hayaishi. Ukipigwa unaokota kiboksi chenye alama ya msalaba, unapona. Ukianguka unafufuka, mara tatu, na muziki unaendelea. Niliwachapa vijana wote wa stendi mpaka wakaanza kuniita Kamanda.

Sixbert alikuwa anacheka, lakini cheko lake lilikuwa na dharau ndani yake.

"Hiyo siyo ndege, Hedwi. Hicho ni kiwavi chenye mabawa."

"Mbona wateja wanakitaka hicho kiwavi?"

"Kwa sababu hawajui. Ndege ya kweli ina makombora machache. Ukiyamaliza unarudi nyumbani. Ukikata kona kwa pupa inakosa upepo, inadondoka yenyewe kabla adui hajakugusa. Njoo kwenye kompyuta nikuonyeshe."

Nilikwenda. Nikakalishwa kwenye kiti, nikaambiwa nisubiri injini ipate moto. Nikasubiri. Nikaambiwa niangalie mafuta, niangalie upepo, niombe ruhusa ya kuruka. Nikamuuliza, "Na vita ni lini?" Akasema vita iko mbali, tutaruka karibu nusu saa kuifikia. Mimi nina sare za shule za kushona, nusu saa naitoa wapi? Nikainuka. Nilipoinuka ndege ikapinduka ikalipuka pale pale uwanjani, naye akashika kichwa kama kuna mtu kafa.

"Gemu ya kungoja," nikamwambia. "Hakuna atakayekuja kuicheza hiyo."

Akaja Rosina.

Rosina alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, naye ni wa Mbamba Bay vilevile. Hakuwa mzuri wa sura. Angekuwa mzuri ningejua la kufanya, maana wazuri nimepambana nao tangu darasa la saba. Huyu alikuwa mwembamba, mkimya, miwani puani, sketi yake ameipiga pasi mpaka inasimama yenyewe. Alikuja kumsalimia mtu wa kwao, akaona kompyuta, akauliza swali moja. Sixbert akamjibu. Akauliza la pili. Nilikuwa napima mtu bega kule nje, nikasikia kiti kinavutwa, na kuanzia siku hiyo kila Jumamosi kiti kile kilikuwa cha Rosina.

Walikuwa wanakaa bega kwa bega, kila mmoja na kompyuta yake, wanaruka wawili wawili. Injini ikichukua muda kupata moto, wanangoja pamoja. Hawachoki. Tena wanazungumza Kinyasa. Mimi Kimatengo najua, Kiswahili najua, Kingoni cha kununulia mahindi ninacho. Kinyasa sijui. Ukuta ule ulikuwa wa mbao, nasikia kila neno na sipati hata moja. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga cherehani kwa hasira mpaka sindano zinakatika.

Nilimuuliza siku moja.

"Huyo mwalimu wako mnazungumza nini?"

"Kasi ya ndege. Na urefu kutoka ardhini."

"Mnanong'ona kasi ya ndege?"

"Hedwi, ukianza hivyo tutagombana."

"Basi tugombane. Kwenye televisheni unapata wateja, kule kwenye kona umeweka mashine mbili kwa ajili ya mtu mmoja. Hiyo ni biashara gani?"

Alinishika kidevu, akanitazama kwa yale macho, nikasahau nilikuwa nasema nini. Ndiyo ilikuwa dawa yake, na mimi mjinga nilikuwa naimeza.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Jumamosi ile.

Baba yangu, Mzee Protasi wa Maguu, hakuwa anamtaka Sixbert. Neno lake lilikuwa lile lile. "Mtu wa ziwani, Mwanglikana, anaishi kwa kuchezesha vijana. Nitawaambia nini wenzangu?" Mama alimsihi, nami nikalia, mpaka akakubali kushuka Mbinga akamwone kijana kwenye kazi yake. Alivaa koti lake la kwendea kanisani. Alitoka alfajiri na Landrova ya mizigo, vumbi mpaka kwenye kope. Kwetu mkwe mtarajiwa akimwona baba mkwe anasimama, anavua kofia, anapiga goti kidogo, ndipo salamu. Sixbert nilimfundisha hayo wiki nzima. Alikuwa anajua siku, anajua saa.

Nikampokea baba, nikamwingiza chumba cha gemu. Akavua kofia mlangoni.

"Hodi humu ndani."

Sixbert alikuwa kwenye kona, mgongo mlangoni, bega lake limegusana na la Rosina. Hakugeuka.

"Sixbert," nikasema, "baba amefika."

Aliinua mkono mmoja juu, ule mwingine umeng'ang'ania kijiti cha kuendeshea ndege.

"Shikamoo, baba. Naomba unisubiri kidogo. Tunatua."

Kisha akamwinamia Rosina, akaanza kumwambia maneno kwa Kinyasa, polepole, kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuisikia kutoka kwake. Sauti ya kumbembeleza mtu aliye homani.

Vijana wa stendi, watoto wa watu wanaoitwa wahuni mjini, ndio walioona aibu. Mmoja alibonyeza kidude kimoja tu kwenye pedi, gemu yao ikasimama tuli, kombora limening'inia hewani. Wakainuka wote wakampa baba shikamoo kwa magoti. Baba akaitikia. Akabaki amesimama, kofia mkononi, anatazama kisogo cha mkwe wake. Mimi nilitamani jenereta ilipuke.

Hatimaye baba akavaa kofia.

"Nimesalimiwa na kisogo," akasema. "Inatosha."

Akatoka. Sixbert alipogeuka, jasho linamtiririka na meno yote nje kwa furaha, alinikuta niko peke yangu.

"Ametua, Hedwi! Injini imekufa, mafuta yanavuja, na bado ametua. Baba yuko wapi?"

Rosina alivua miwani akaifuta. Alikuwa na machozi. Alipoona uso wangu akaaga haraka, akaondoka.

"Kwa nini hukuinuka?" nikamuuliza Sixbert.

"Nisingeweza. Kompyuta zikishaungwa hakuna kusimamisha. Ile ya televisheni unasimamisha ukitaka, hii ni kama kweli, ukiinuka ndege inaendelea bila wewe."

"Iendelee."

"Rosina angeanguka."

"Si aanguke! Yuko kwenye kiti, ataanguka mpaka wapi?"

"Hedwi, huelewi."

"Naelewa sana. Baba yangu amekula vumbi la barabara nzima ili akuone uso, na wewe uso umempa Rosina."

"Nampa uso gani? Ni gemu."

"Kama ni gemu ungeinuka. Kama siyo gemu, niambie ni nini."

Akajaribu kunishika kidevu. Nikampiga mkono wake kwa futi ya kupimia nguo, nikafunga cherehani yangu, nikapanda Maguu kumfuata baba.

Sikulala vizuri usiku ule wala sikula. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukijitia utakonda, nami nilishaanza kukonda nikiwa bado sijaolewa. Nilimpenda. Hilo lazima niliseme, maana mtu anaweza kudhani nilikuwa natafuta sababu. Nilimpenda mpaka nikawa nahesabu maneno yake, na nilijua kabisa kwamba baba akikataa safari hii, hatakubali tena.

Jumapili, watu wametoka misa, wanaume wa ukoo walikusanyika uani kwa baba mkubwa Othmar, kama wafanyavyo siku zote, kula pamoja na kuzungumza mambo ya nyumbani. Ndiyo sengu yetu. Sisi wanawake tulikuwa mkekani kwenye mlango wa jiko, tunasikia yote. Kahawa zilikuwa zimetandazwa kwenye vichanja, baridi ya Maguu inang'ata masikio.

Ndipo nikamwona Sixbert anapanda njia ya mashamba, kikapu cha samaki begani. Moyo wangu ukaruka. Amekuja kuomba radhi, nikajisemea, amekuja mwenyewe. Halafu nikaona nyuma yake sketi iliyopigwa pasi.

Jamani. Mwanamume anakwenda kuomba radhi ukweni, anatafuta wa kumsindikiza, na katika watu wote wa wilaya nzima ya Mbinga anamchagua yule yule.

"Shikamooni," Rosina akasema, amepiga magoti. "Mimi ndiye niliyesababisha. Nimeona nije niseme mwenyewe."

Sixbert safari hii alipiga goti kwelikweli, kofia kifuani. Akakabidhi kikapu. Walikuwa mbasa wa kubanikwa, wamenona, mafuta yanapenya kwenye majani waliyofungiwa. Mama akawapanga kwenye sinia, akaliweka katikati ya wazee. Kwetu samaki wa radhi haguswi mpaka neno liishe, na anayeanza kumega ni yule aliyekosewa. Akimega, kesi imekwisha na haifufuliwi.

Baba mkubwa Othmar ndiye aliyeongoza maswali. Mzee yule alikuwa anapenda habari za ndege kuliko radhi yenyewe.

"Kwa hiyo hizo ndege hazipo."

"Hazipo, baba. Zipo kwenye kioo."

"Na huyu mwalimu asingeumia."

"Asingeumia."

"Sasa angepoteza nini?"

Sixbert akajikohoza. "Baba, kuna gemu za aina mbili. Ile tunayocheza sisi imetengenezwa kama kweli. Rubani wa Rosina anaruka tangu Pasaka, hajaanguka. Akianguka mara moja amekufa, kila alichokifanya kinafutika, anaanza kama hajawahi kuishi."

"Na ile nyingine?"

"Ile unafufuka, baba mkubwa," nikasema kutoka mkekani. Sikuweza kujizuia. "Mara tatu."

Mzee akatikisa kichwa. "Mara tatu ni nyingi mno. Bwana wetu mwenyewe alifufuka mara moja."

Wazee wakacheka. Hata mama alicheka. Baba yangu hakucheka. Alikuwa ameinamia fimbo yake, ndipo akainua uso.

"Kijana, ndege yako wewe ilikuwa na ubovu?"

"Hapana, baba. Yangu ilikuwa nzima."

"Ungeweza kutua kabla sijafika?"

"Ningeweza."

"Kwa hiyo uliyekuwa unamkinga ni huyu."

"Ndiyo, baba."

Rosina aliona Sixbert anazama, akataka kumwokoa. Alijisogeza mbele kwa magoti, mikono imeshikana.

"Baba, msimlaumu. Moshi ulikuwa umejaa kwenye kioo, sioni uwanja, mikono inatetemeka. Nilimwambia aniache atue zake. Akakataa. Aliniambia kwa Kinyasa, 'Usiogope, nipo pembeni yako. Sikuachi. Ukishuka nashuka nawe, na ukianguka tunaanguka wote.' Sasa mtu ameshasema hivyo atainukaje?"

Alianza kuyasema kama shahidi. Alipofika mwisho sauti yake ilikuwa imeshuka, na shingo imeinama. Mtu hasemi hivyo maneno aliyoyasikia mara moja na kuyasahau. Alikuwa ameyatunza, nadhani alikuwa anayarudia akiwa peke yake akisahihisha madaftari ya watoto.

Kumbe ndiyo iliyokuwa kasi ya ndege. Ndio uliokuwa urefu kutoka ardhini.

Nilimtazama mama. Mama alitazama chini.

Lakini baba, baba yangu huyo huyo mgumu, uso wake ulifunguka. Akaweka fimbo pembeni.

"Sikilizeni," akasema. "Nilidhani nimedharauliwa kwa sababu ya mchezo. Kumbe kijana alikuwa na mtu mashakani, akakataa kumwacha, hata baba mkwe alipofika. Mimi niko tayari kumpa binti yangu mwanamume wa namna hiyo. Atakayemwoa Hedwiga awe mtu asiyeacha mtu. Uanglikana wake tutauzungumza na padri."

Wazee wakaitikia. Shangazi yangu Restituta akaanza kigelegele, akakatisha mwenyewe alipoona sura yangu. Nilikuwa nimesubiri neno la baba tangu mvua za masika, na sasa limekuja limebebwa na ndege ya Rosina.

Baba akakunja mkono wa koti ili amege samaki. Kisha, kwa desturi, akanigeukia.

"Mwanangu, mimi nimemaliza. Wewe una neno?"

"Ninalo moja tu, baba."

Nikainuka mkekani, nikasimama mbele ya Sixbert. Alikuwa bado amepiga goti, anatabasamu, amepona.

"Maneno uliyomwambia Mwalimu," nikamwambia, "niambie mimi. Hapa hapa, wazee wanasikia. Hakuna moshi, hakuna ndege, hakuna wa kufa. Niambie tu."

"Hedwi..."

"Sikuombi kingine."

Aliinua macho yale ya usingizi. Na kabla hayajanifikia mimi, yalipita kwa Rosina. Hayakukaa. Ni kufumba na kufumbua, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutumia kitu cha mwenzake. Halafu ndipo yakanijia.

"Usiogope, Hedwi," akasema, kwa sauti nzuri kabisa. "Nipo pembeni yako. Sikuachi. Ukishuka nashuka nawe, na ukianguka tunaanguka wote."

Kigelegele kikapigwa, safari hii hakikukatika. Baba mkubwa Othmar akapiga makofi. Baba akanyoosha mkono kwenye sinia.

Nikalichukua. Nililiinua lile sinia kutoka chini ya vidole vya baba yangu, mbasa wote na mafuta yao. Mama aliita jina langu. Sikugeuka. Sinia halikumwagika.

"Hedwiga, unafanya nini?" Sixbert akauliza. Alikuwa ameshasimama. "Si nimesema? Si nimesema kila neno?"

"Umesema."

"Sasa?"

Nilipiga goti mbele ya Rosina kama mtu anavyopiga goti mbele ya mgeni, nikaliweka sinia chini, karibu na mikono yake iliyoshikana.

"Karibu, Mwalimu," nikamwambia. "Hawa ni wako, na aliyewaleta ni wako. Kama siyo wako, sema, nimrudishie baba ale, na mimi niolewe."

Alinitazama kupitia ile miwani. Sixbert alikuwa anamtazama, wazee wanamtazama, mama amejishika kifua, na mimi, Mungu ananiona, nilikuwa namwomba kimoyomoyo aseme. Neno moja tu, aseme siyo wangu, ningemwamini, ningesahau yale macho, ningeolewa Jumamosi yoyote wanayotaka.

Rosina aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea kwenye sketi, na hakusema kitu.